Makufuli ya Mtungi wa Gesi

Harufu ya gesi haipigi hodi. Nilikutana nayo mlangoni kabla sijavua viatu vya kazi, nikatupa begi pale pale na kukimbilia jikoni. Swichi ya jiko ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho na moto hakuna. Juu yake kulikuwa na sufuria ya maji, ya baridi vile vile kama yalivyotoka bombani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, anachambua maharage, ametulia tuli.

Nilifunga mtungi, nikafungua mlango wa uani, halafu nikamshika mkono nimtoe nje. Akauchomoa mkono wake taratibu.

"Siku hizi shikamoo umeiacha kazini?"

"Shikamoo Mama. Hii gesi imefunguliwa tangu saa ngapi?"

"Marahaba. Gesi gani?"

Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na wanaonijua wameshanizoea. Nilimwambia angekufa, angelipua nyumba yetu na ya jirani, na tena si mara ya kwanza. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akapuliza makapi kutoka kiganjani, akasema alikuwa ananichemshia chai, maana mimi nikitoka kazini nina njaa, na nikiwa na njaa sisemezeki.

Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni maisha yake yote ya kazi. Alipikia watoto wa watu kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, na mpaka leo wapo wanaume wenye vitambi wanaomsimamisha barabarani kumshukuru. Alipostaafu alihamia kwenye jiko letu dogo na kuliendesha kama lile la shule. Kisha kumbukumbu zikaanza kumponyoka. Zilianza na majina ya watu, zikaja kwenye chumvi, akawa anaitia mara mbili, na sasa zimefika kwenye gesi. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba zilizokwenda hazitarudi, na nyingine zitazifuata.

Jioni ile nilimpigia simu Kaka. Kaka anaishi mji mwingine, anafanya kazi ya bima, na mtu wa bima ukimwambia neno gesi anaona moto tayari.

"Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Kama hakijabadilika kitu hapo, naondoka naye. Kwangu jiko ni la umeme na dada wa kazi yupo. Mama atapumzika."

Nilijua kupumzika kwenyewe kukoje. Mama aliwahi kukaa kwa Kaka wakati mimi nimelazwa, na siku zote zile dada wa kazi hakumruhusu kushika hata kisu. Alirudi amekonda, nguo zinampwaya. Aliniambia alikuwa anakaa kwenye kochi kama picha ya ukutani, watu wanapita, wanamtazama, wanakwenda zao. "Usinirudishe kule," alisema, "labda mikono hii ikatwe." Sasa mikono ilikuwepo, na mimi nilikuwa na wiki moja na ushee.

Kazi yangu mimi ni valvu. Nipo kiwanda cha maziwa, upande wa matengenezo, na mabomba yote ya pale nayajua: ya maziwa, ya maji ya moto, ya mvuke, na ya ile dawa ya kusafishia matangi ambayo ikikugusa inaondoka na ngozi. Kila bomba lina valvu zake za kufunga kwa mkono, nyingine zina gurudumu, nyingine wenzo. Mtu akiwa ndani ya tangi anasugua au anatengeneza, halafu mwingine huku nje akazungusha gurudumu kwa kusahau au kwa haraka zake, habari ya yule wa ndani imekwisha. Kwa hiyo valvu ikishafungwa tunaivalisha kifuniko chekundu cha plastiki, vipande viwili vilivyofumbatana kama mabakuli mawili. Gurudumu linabaki humo ndani na kifuniko kinazunguka juu yake bila kuligusa. Kwenye tundu la kifuniko tunapitisha chuma tunachokiita gando, kwa sababu meno yake yamekutana kama ya kaa. Gando lina matundu mengi, na kila anayeingia kwenye tangi anatundika kufuli lake mwenyewe na ufunguo anaingia nao mfukoni. Valvu haifunguki mpaka kufuli la mwisho litoke, na kufuli la mtu halitolewi na mwingine.

Msimamizi wetu wa usalama tunamwita Mpaka-Nione. Ukimwambia valvu imefungwa, anasema "mpaka nione", anakwenda kulishika gurudumu kwa mkono wake na kujaribu kulizungusha. Ukimwambia umekula, nadhani anataka kuona sahani. Asubuhi iliyofuata nilimwomba kifuniko kimoja kikuukuu.

"Cha kazi gani?"

"Mtungi wa gesi nyumbani. Mama anasahau kufunga jiko."

"Kufuli lako unalo?"

"Ninalo."

"Na lake?"

"La kwake la nini? Yeye ndiye anayefungiwa."

Alikuna kidevu, akanipa kifuniko, akarudi kugombana na mtu aliyekuja bila buti. Mimi sikulifikiria tena swali lake. Nilirudi nyumbani, nikavalisha kichwa cha mtungi kile kifuniko, nikatia kufuli langu jekundu, nikajipongeza. Fundi mzima wa valvu ningeshindwaje na mtungi wa jikoni.

Mama alikiona asubuhi. Nilimsikia akikizungusha kile kifuniko, kikizunguka bure, akikizungusha tena. Nikaenda kumweleza kwa sauti ya upole niliyokuwa nimeiandaa tangu usiku: chai ipo kwenye chupa, chakula cha mchana kipo kwenye hotipoti, yeye hana haja ya kuhangaika, nikirudi nitapika. Hakugomba. Alikwenda sebuleni, akajitanda nguo yake kama mtu aliyekuja kwenye maongezi, akakaa kwenye kiti cha wageni.

Nilipotoka kazini alikuwa bado kwenye kile kiti.

"Mwenye nyumba," aliniambia, "naomba maji ya kunywa, kama si usumbufu."

"Mama, acha hayo."

"Sitaki kugusa vitu vya watu."

Hotipoti ilikuwa haijafunguliwa. Nikampikia, nikamwekea mezani, akashukuru kwa adabu iliyoniuma kuliko matusi, akala vijiko viwili akasema ameshiba. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Keshokutwa nikakuta kifuniko kimechubuka chubuchubu na mchi wa kinu umelazwa sakafuni kando ya mtungi. Alikuwa amekipiga. Nilikaa chini pale pale jikoni nikiwaza mchi na mtungi uliojaa gesi. Niliogopa, na baada ya woga nilimkasirikia, na baada ya hasira nikajichukia mwenyewe, yote hayo kabla sijasimama. Kaka angekuja angekuta mama anayegoma kula na anayepiga mtungi kwa mchi. Hapo hata mimi nisingekuwa na la kumtetea.

Kilichonifungua macho kilitokea kiwandani, na hakuna aliyekusudia kunifundisha kitu. Tulikuwa na kazi kwenye tangi kubwa la mapokezi. Mimi nilikuwa nabadilisha mpira wa valvu ya chini, fundi mwenzangu anatengeneza mkono wa kukorogea, na Mama Sabuni, mama anayesugua matangi, yuko ndani na brashi yake. Tukatundika makufuli yetu matatu. Kazi ilipokwisha nikatoa langu, mwenzangu akatoa lake, tukaangalia gando, kufuli la bluu la Mama Sabuni bado linaning'inia. Kumbe alikuwa amepigiwa simu kwamba mtoto wake ameanguka shuleni, akatoka mbio na ufunguo kwenye mfuko wa aproni.

Nje magari ya maziwa yalikuwa yamepanga foleni juani. Maziwa hayana subira na jua. Madereva wakaanza kupiga honi. Mmoja wetu akasema, jamani, tumemwona wote akitoka getini, tangi ni tupu, leteni mkasi wa kukatia chuma tuendelee. Meneja akashuka kutoka ofisini na tai yake, akamtazama Mpaka-Nione.

"Umemwona akitoka?"

"Wamemwona wao," alisema Mpaka-Nione. "Mimi naona kufuli lake."

Nilitegemea meneja apandishe sauti. Badala yake alivuta kreti tupu, akaligeuza, akakaa. Akatuma gari dogo likamfuate. Tukakaa naye pale, honi zinalia, hakuna aliyegusa kitu. Mama Sabuni aliporudi, mtoto mgongoni na bandeji gotini, alikuwa anaomba radhi tangu getini. Meneja alisimama akampisha. Mama Sabuni akafungua kufuli lake, akaliweka mfukoni, akaondoka na mwanawe, na kiwanda kizima kikaanza kunguruma.

Siku nyingine huyo mama akitoa salamu asubuhi wanaoitikia ni wachache. Lakini kufuli lake likiwa kwenye gando, hakuna mwenye cheo cha kulipita. Nikakumbuka swali la Mpaka-Nione, na la kwake? Nikamkumbuka Mama kwenye kiti cha wageni akiniomba maji kwenye nyumba aliyoijenga yeye. Nilikuwa nimelifunga jiko lake kama vile yeye ndiye hatari yenyewe, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ndani ya tangi siku zote. Siku ile nilimwomba Mpaka-Nione gando, na safari hii hakuuliza.

Mama ana sanduku la bati alilokuja nalo alipoolewa. Lina kufuli la shaba, na ufunguo wake anaufunga kwenye pindo la nguo yake. Amesahau mengi, lakini pindo lile hupapasa kila saa. Nilichuchumaa mbele ya kiti cha wageni.

"Mama, niazime kufuli la sanduku."

"Umemaliza jiko, sasa unanifungia na nguo?"

"Ni la kwenda kufunga gesi. Utalifunga wewe."

Hiyo ikamvuta. Alilifungua sanduku, akaja nalo kufuli jikoni, akasimama kwa mbali kidogo huku ameshika kiuno, namna aliyokuwa anawakagua wasaidizi wake shuleni. Nikatoa kufuli langu, nikapitisha gando kwenye kifuniko, nikalirudisha langu kwenye tundu moja, nikamwonyesha jingine.

"Kila mwenye kazi na hii gesi anafunga lake. Mtungi haufunguki mpaka wote tutoe. Mimi sitoi lako, wewe hutoi langu. Kufuli likiwepo, maana yake mwenyewe bado yumo, anasubiriwa."

"Na mimi nikiwa nimelala na wewe una njaa?"

"Nitakaa na njaa."

Alifikiri. Kisha akainama, akatundika kufuli lake la shaba, akalibana mpaka likalia, akafunga ufunguo kwenye pindo.

"Sasa jaribu," nilimwambia. "Kazini hatuamini mpaka tujaribu."

Akakishika kifuniko kwa mikono miwili na kukizungusha.

"Kinazunguka bure," alisema, na akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nilipoleta kile kidude nyumbani. Jioni hiyo tulifungua pamoja, akapika yeye, mimi nikisimama pembeni nikijifanya nakata vitunguu. Alikula sahani nzima akaongeza.

Asubuhi yake nikachelewa kuamka. Nilitaka chai ya haraka nikimbie, nikalikuta kufuli la shaba linaniangalia. Nikaenda kumwamsha.

"Mama, nakuomba unitolee kufuli. Nimechelewa."

"Nakuja. Ngoja kwanza nijifunge kitambaa."

Kitambaa kikafungwa, kikafunguliwa, kikafungwa upya. Zikatafutwa ndala, iliyopatikana ni moja. Uso ukaoshwa. Akaniuliza kama nimelala salama, akataka nieleze vizuri. Alikuwa analipiza kisasi na wala hafichi, na mimi nilisimama mlangoni na viatu vyangu vya kazi nikimeza hasira zangu. Nilifika kazini nimechelewa na nimeshiba.

Tukaenda hivyo. Mchana, nikiwa sipo, makufuli yetu mawili yalikaa pamoja kwenye gando na yeye alikula kilichopo kwenye hotipoti bila kinyongo, kwa sababu kama yeye hawezi kuwasha, na mimi siwezi. Kuna wakati nilisahau kwamba anaumwa. Halafu kila jioni aliniuliza upya gando ni nini, na nikamweleza upya.

Kaka alikuja Jumamosi kama alivyoahidi. Alilitazama gando muda mrefu akasema tumegeuza jiko kuwa benki. Mama akapika, maharage yakawa na chumvi ya watu wawili, tukala wote bila neno, na Kaka akanywa maji mengi. Tulipomaliza, Mama akafunga mtungi, akavalisha kifuniko, akafunga lake, nikafunga langu, akamgeukia Kaka.

"Na wewe, baba? Si ulikuwa humu unanishushia sufuria?"

"Mimi ni mgeni, Mama."

"Mgeni gani anashusha sufuria? Funga lako."

Kaka akanitazama, nikatazama dari. Akaenda kwenye begi lake la safari, akatoa kikufuli cheusi kidogo, akakitundika huku akitabasamu tabasamu la mtu anayecheza na mtoto. Mama akamwambia ajaribu, akajaribu. Kinazunguka bure.

Baadaye tulisimama uani, mimi naye.

"Ni mchezo mzuri," alisema. "Lakini ni mchezo. Siku atakaposahau hata hilo kufuli?"

"Siku hiyo itafika, najua. Haijafika."

"Mimi nisubiri ifike ndiyo nije kuzoa majivu? Nimeshaamua. Mwisho wa mwezi namchukua."

Nilimjibu kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Tulikuwa bado tunajibizana simu yake ilipoita, mambo ya ofisini, ikambidi aondoke. Alimkumbatia Mama harakaharaka, akaingia kwenye gari.

Jioni Mama akataka chai. Akatoa kufuli lake, nikatoa langu, tukabaki tunatazama kile cheusi. Nikampigia Kaka.

"Lo," alisema. "Ufunguo ninao huku na nimeshatembea mno. Kata tu, ni kikufuli cha kununua popote."

Na mkasi wa kukatia chuma nilikuwa nao, umo kwenye begi la kazi, mlangoni. Nikamwambia Mama kwamba Kaka ameruhusu tukate.

"Kumbe bado yumo," alisema Mama. "Yuko wapi?"

"Ameondoka, Mama. Tumemsindikiza wote."

Alilishika gando, akakigusa kikufuli kwa kidole. Kisha akaenda kumtafuta. Alichungulia nyuma ya mlango, akaenda chumbani, akaenda uani, akimwita taratibu, baba, baba, kama anavyoitwa mtoto aliyejificha kwa utani. Aliporudi alichukua kufuli lake la shaba akalitundika tena.

"Hatuwashi moto wakati mtoto yumo ndani," alisema, akavuta kigoda chake, akakaa kando ya mtungi.

Kaka alikuwa bado kwenye simu, amesikia yote.

"Mwambie nimetoka," Kaka alisema.

"Nimemwambia."

"Mwambie tena. Mpe simu."

Nikampa. Mama alimsikiliza kwa makini, akaitikia ndiyo, ndiyo baba, akanirudishia.

"Anasema ametoka," aliniambia. "Mpaka nimwone."

Kaka akakata simu. Mimi na Mama tulikula mkate na maziwa baridi. Jirani angetuazima jiko la mkaa, Mama akakataa, akasema mtu akitoka huko atakuta wenzake wameshakunywa, si vizuri. Hakukubali kwenda kitandani pia. Nilimletea blanketi, nikatandika godoro langu pale sakafuni, na wa kwanza kulala nikawa mimi.

Niliamshwa na mlio wa gari. Kulikuwa kumekucha na Mama alikuwa macho, blanketi mabegani. Kaka aliingia na shati lile lile la jana limekunjamana, maana alilala nyumba ya wageni njiani akageuza gari alfajiri. Alisimama mlangoni pa jiko asijue aanzie wapi. Mama alinyanyuka, akamwendea, akamshika mikono yote miwili, akampapasa mabega na uso, akamgeuza aone mgongo.

"Umetoka?"

"Nimetoka, Mama."

"Hujaumia?"

"Sijaumia."

"Haya, toa kufuli lako, watu wana njaa."

Kaka alipiga magoti mbele ya mtungi. Ufunguo ulimshinda kuingia kwenye tundu, akausukuma tena na tena mpaka ukakubali. Akatoa lake, Mama akatoa lake, nikatoa langu. Mama akawasha moto, akachemsha chai, na hakusahau kitu.

Tulikunywa pale pale jikoni, Kaka amekalia ndoo iliyopinduliwa. Alikishika kikombe chake muda mrefu bila kunywa.

"Mama," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini kabisa, "nilikuwa nataka uje ukae kwangu."

"Lini?"

"Wakati wowote. Hata leo, gari lipo nje."

Mama alilifikiria jambo lile sawasawa, bila chuki, kama mtu aliyealikwa na mtu anayempenda.

"Leo siwezi," alisema. "Sanduku langu halina kufuli."

"Tutanunua jingine, Mama."

"La nini, baba, na langu ninalo? Liko kazini."

Kaka aliweka kikombe chini akafunika uso kwa viganja. Mabega yakamtikisika, na mimi nikadhani anacheka, kwa hiyo nikacheka. Mama akamtazama, akanitazama, akaongeza sukari kwenye kikombe cha Kaka na kumwambia anywe kabla haijapoa.

Tulipomaliza, Mama alifunga mtungi, akavalisha kifuniko, akatundika lake. Nami nikatundika langu. Kaka alikuwa amesimama na kikufuli chake mkononi.

"Unabaki au unaondoka?" Mama alimuuliza.

"Naondoka, Mama. Ila narudi."

"Basi lichukue. Ukirudi utalifunga."

Kaka akakitia mfukoni mwa shati pamoja na ufunguo wake, akauliza Jumamosi ijayo tunapika nini.